Kwa Nini Lugha ya Mama Hutoka Mwisho

Kaeni vizuri, na wale wanaonong'ona pale nyuma wanyamaze, maana kisa hiki kila nikikisimulia hunipandisha damu. Zamani, lugha zilitoka kichwani mwa mtu kwa zamu. Iliyotangulia kuingia ndiyo iliyotangulia kutoka. Aliyezaliwa na Kimlima, kisha akajifunza Kibonde, alipozeeka Kimlima kilimponyoka taratibu, akafa akiongea Kibonde kitupu. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeshangaa.

Bondeni alitawala Mtemi Igombe. Mama yake alitoka mlimani, kwa watu waliochekwa na kila mtu, na Kimlima ndicho alichobembelezwa nacho mgongoni. Wote walilijua hilo, wala hakuna aliyethubutu kulitamka. Aibu ikamla Mtemi, hata akatangaza kwamba kichwa ni kibuyu kimoja: ukitia humo maziwa na togwa, vyote vitaharibika. Mwenye lugha mbili, alisema, hana akili timamu. Uongo mtupu! Kalunde mfinyanzi, mzaliwa wa mlimani aliyeolewa bondeni, alikuwa nazo zote mbili, na watu wakigombana walimkimbilia yeye, kwa kuwa alizoea kuligeuza neno pande zote kabla ya kufungua kinywa. Huyo ndiye aliyeambiwa hana akili. Na waliomwambia hivyo, hata lugha yao hiyo moja iliwashinda!

Basi ukatungwa mfupa wa fisi kwenye kamba. Aliyesikika akisema Kimlima alivishwa shingoni, na hakuuvua mpaka amnase mwenzake akikisema, amvishe yeye. Ukivishwa mara ya tatu, unafukuzwa nchini na watoto wako wanabaki. Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuwindana. Kalunde alikuwa ameshauvaa mara mbili, na watoto wake walikuwa wawili, wadogo bado.

Mwaka ule mama yake, Nyamizi, aliletwa kwake kutoka mlimani, mgonjwa, hajui Kibonde hata neno moja. Vikongwe wa namna hiyo sheria haikuwagusa. Waliachwa waongee peke yao. Lakini mvaa mfupa wa mwezi ule alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamume mpole siku zote, na sasa alijibanza nyuma ya nyumba ya Kalunde tangu asubuhi hadi jioni, ametega sikio. Alitaka kuuvua tu, haidhuru nani auvae.

"Kalunde," mama aliita. "Mwanangu, mbona huniambii neno? Nimekukosea nini?"

Kalunde alimshika mkono. Alimwosha, alimlisha, akauma ulimi hadi akaonja damu. Maneno mawili tu yangetosha: mama, hujanikosea. Hakuyasema, maana nje alisikia mtu akikohoa. Siku ya tisa Nyamizi akakata roho, akiamini binti yake amemchukia. Mnasikia nyie? Amemchukia!

Mazikoni Mtemi alikuja na wazee wake sita kutoa pole. Kalunde hakulia. Alisimama kando ya kaburi, mikono imejaa udongo, akasema kwa Kibonde safi, ili Mtemi asije akadai hakuelewa:

"Pole yako sitaki. Umeniziba kinywa mama yangu akiniita. Haya! Lugha uliyoifukuza vinywani mwetu na ikukalie wewe kichwani. Ishuke chini kabisa, mkono wako usiifikie. Siku Kibonde chako kitakapokukimbia ubaki nayo hiyo hiyo, na usipate wa kukujibu."

Watu waliinamisha vichwa. Kumlaani hivyo kulikuwa sawa na kumtaja hadharani mama wa Mtemi, yule wa mlimani. Sheria haikuwa na la kumfanya, kwa kuwa hakusema Kimlima hata silabi. Mtemi akaondoka, akijifariji kwamba Kimlima chake, kwa zamu yake, ndicho kingemtoka kwanza.

Miaka ikapita. Watoto wa watu wa mlimani wakakua bila hata salamu ya bibi zao, na mvaa mfupa wa mwisho alipokosa wa kumnasa, mfupa ukatundikwa kwenye nguzo ya baraza ya Mtemi ukingoja shingo. Kisha siku moja Mtemi Igombe akaanguka akitoka kuoga. Alipozinduka, upande mmoja wa mwili ulikuwa umekufa, na Kibonde hakikuwepo. Kilichomtoka kinywani hakuna aliyekielewa. Wakampa uji, akautema. Wakaita waganga, akalia kama mtoto mchanga. Wake zake wakasema amerukwa na akili.

Siku ya nne Mzee Lugalila, mkubwa wa wale sita, akashtuka. Aliwahi kuisikia sauti ile, kwa watu waliovishwa mfupa. Akaenda mwenyewe kwa Kalunde, akamkuta anakanda udongo.

"Mama, tunakuomba. Njoo utuambie anataka nini."

"Mimi?" Kalunde hakuinua hata uso. "Mimi nina lugha moja tu, mzee. Mlinifunza vizuri."

Lakini alikwenda. Msidhani ni kwa huruma! Alitaka kumwona kwa macho yake.

Mtemi alikuwa amelalia ubavu mmoja, na alipomwona aliropoka yale yale aliyokuwa akiyarudia siku zote nne. Kalunde alielewa mara moja. Mtemi alikuwa akiomba ageuzwe. Ubavu ulikuwa umechubuka hadi nyama, na watu ishirini walimzunguka na mabakuli ya uji.

"Anasemaje?" wazee wakauliza.

"Muulizeni wenyewe. Mtoto wa mlimani humuuliza baba yake hivi." Akawatamkia, polepole, mara mbili.

Wazee wakaitazama ile nguzo yenye mfupa. Kisha Lugalila akatamka kwa kuumauma maneno. Mtemi aliposikia, machozi yakamtiririka. Kalunde hakuwaachilia hapo. Akawapitisha wote sita, mmoja mmoja, wenye mvi na wenye vipara, na aliyekosea akamrudisha mwanzo. Ndipo akasema, "Mgeuzeni." Na sheria ikafa pale pale, maana wavunjaji walikuwa sita na mfupa ulikuwa mmoja.

Mtemi akamwambia Kalunde neno jingine, kwa sauti ndogo. Aliomba asamehewe. Kalunde hakulitafsiri, wala hakulijibu. Alinawa mikono akaenda zake, na mwezi haukuisha Mtemi akafa.

Lakini laana haina macho. Ilitupwa kwa mmoja, ikatuenea sote. Na tangu siku hiyo, uzee au maradhi yakivamia kichwa, lugha zilizokuja baadaye hukimbia kwanza, na ya mama hubaki chini kabisa, ya mwisho kutoka.

Sasa wewe, ndiyo, wewe unayejigamba kwamba wanao hawajui neno la kwenu, eti lugha mbili zitawachanganya akili! Endelea kuwaziba vinywa. Siku utakapolala ubavu mmoja usiweze kujigeuza, utamwita mwanao kwa lugha ya mama yako. Atakuja mbio, maana anakupenda. Atakuinamia, atakusikiliza kwa makini. Kisha atakuletea uji.