Daraja la Lufita Linatafuta Jina

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme, ni zamani hizi hizi za redio za betri na mihuri ya ofisini, palikuwa na daraja juu ya Mto Lufita. Sogeeni. Na wewe uliyeegemea mlango, ingia ukae. Mwisho wa hadithi nina swali, sitaki mtu aniambie alikuwa nje.

Daraja lilikuwa jipya. Mkubwa mmoja alilikatia utepe, watu wakala pilau, wakashangilia. Hata mwaka haujaisha, akaja mhandisi wa serikali, akachuchumaa chini yake, akainuka akaandika barua: "Nguzo ya kati imepasuka. Lifungwe leo." Barua ikafika ofisini. Wakubwa wakaisoma, wakatazamana. Nani amwambie yule mkubwa kwamba utepe wake aliukatia juu ya ufa? Thubutu! Wakasema ni siri, wakaitia kwenye jalada.

Sasa majalada yana mwenyewe. Karani wa masjala aliitwa Anyosisye, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili. Aliapa kutunza siri za serikali, na kiapo chake alikiheshimu kama mkwe. Lakini barua ile ilimnyima usingizi. Akaitoa nakala, akampelekea Sekela, mbunge wao, ambaye zamani walisoma darasa moja.

"Dada Sekela, soma. Usiniulize nimeitoa wapi."

"Kaka, hii si itakufunga?"

"Nimeshaileta. Yaliyobaki ni yako."

Sekela akaenda nayo Bungeni. Siku ile Lufita nzima ilikuwa imetega sikio redioni, maana mbunge wao alikuwa na mdomo usiojua kubembeleza.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "wananchi wangu wana haki ya kujua wanachokikanyaga. Serikali imeambiwa daraja la Lufita ni bovu, ikanyamaza. Waziri aniambie leo: barua ya mhandisi imefichwa na nani?"

Waziri akaruka juu. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Mheshimiwa anatusingizia."

Spika akamgeukia. "Mheshimiwa Sekela, kanuni unazijua. Weka ushahidi mezani sasa hivi, au ufute kauli."

Ushahidi si anao? Anao! Akafungua mkoba, akaishika barua, akaanza kuivuta. Ndipo akaiona namba.

Jamani, mazoea yana taabu. Karani wa masjala karatasi haipiti mkononi mwake bila namba. Anyosisye alikuwa ameificha nakala ile ndani ya shati kama mwizi, lakini kabla ya kuificha, mkono wake, bila kumuuliza, ulishaandika kwa wino mwekundu: 37. Na ile saba yake aliivisha mkanda katikati, kistari cha kuikata, saba ambayo ofisi nzima waliijua. Msiniambie angechana pembe ya karatasi. Namba ilikaa ubavuni mwa saini ya mhandisi. Ukichana namba, umechana na saini.

Papo hapo, mawazoni, Sekela akamwona Anyosisye na pingu. Akamwona Atupele, mke wa Anyosisye, mwanamke wa kucheka hata akikuna nazi, akipanga foleni ya gereza na sufuria la chakula. Akajiambia: nipe wiki moja tu, nitamtafuta mhandisi mwenyewe, aje aseme kwa kinywa chake. Akaufunga mkoba.

"Mheshimiwa Spika, nafuta kauli."

Wenzake wa upande wa pili wakapiga meza kwa furaha. Sekela akakaa chini.

Huku Lufita, kwenye kichwa cha daraja, alikuwapo mama muuza chai, Tusajigwe. Redio yake aliitundika juu ya birika. Alisikia kauli ikisemwa, akaisikia ikifutwa. Wengine walisema, "Kumbe alikuwa anatudanganya." Tusajigwe akasema, "Mtu mzima hamezi maneno yake bure." Akakata matawi, akayalaza barabarani, akaweka kigoda chake hapo mbele, akakikalia.

"Hapa hapiti mtu!"

"Mama, umerogwa?"

"Nirogwe nisirogwe, zungukeni kule kwenye kivuko."

Siku ya kwanza wakamtukana. Siku ya pili wakamtukana. Siku ya tatu wakaanza kuzunguka, tena wengine wakamletea uji. Siku ya nne polisi wakambeba yeye na kigoda chake. Kituoni wakampa karatasi: asaini kwamba hatazuia tena barabara wala kueneza uvumi. Asiposaini, alale humo humo. Alilala usiku mmoja kwenye sakafu. Asubuhi akasaini, akarudi kwenye birika lake. Matawi yalikuwa yameshaondolewa.

Siku ya sita likaja lori la wanakwaya, wanakwenda kuimba harusini ng'ambo. Likasimama, watu wakashuka kunywa chai. Atupele alikuwamo, na kilemba cha kijani.

"Mama Tusajigwe, leo hutuzuii?"

Wakacheka wote. Tusajigwe akawamiminia, akaangalia pembeni. "Karibuni tena," akasema.

Lori lilifika katikati, wimbo bado haujafika kiitikio. Nguzo ya kati ikakaa chini, daraja na lori vikaingia mtoni. Walikufa watu tisa, na Atupele alikuwa mmoja wao.

Sekela alikwenda msibani. Alimkuta Anyosisye mkekani, miguu ameikunja, akapiga magoti mbele yake.

"Kaka, nilifuta ili nikuokoe wewe. Nilimhurumia Atupele."

"Mheshimiwa," Anyosisye akasema, na tangu utotoni hakuwahi kumwita hivyo, "mimi shingo yangu nilishakupa. Nani alikutuma uirudishe?"

Sekela alilia. Kisha, kwa uchungu, neno likamtoka ambalo angetamani hata leo kulimeza: "Na wewe kaka, ulijua. Mkeo hukumwambia asipite?"

"Niliapa," Anyosisye akasema. "Nilikuambia wewe peke yako. Nyumbani sikusema."

Kesho yake Sekela akaiweka barua mezani, na ile saba na mkanda wake. Wakubwa walioificha wakafungwa. Anyosisye akafukuzwa kazi. Sekela hakugombea tena ubunge. Alirudi kulima viazi. Na daraja jingine likajengwa, la nguvu, hilo hilo mnalopita nyinyi.

Siku ya kulipatia jina, watu wakakutana. Mmoja akasema, "Liitwe Sekela! Asingesema yeye, nani angejua kwamba kuna barua?" Mwingine akasema, "Liitwe Anyosisye! Asingeitoa yeye, Sekela angesema nini?" Mwingine akasema, "Liitwe Tusajigwe! Hao walikuwa na barua. Yeye alikuwa na kigoda tu, na kwa siku tatu hakufa mtu."

Sekela akasimama. "Mimi nilisema, kisha nikafuta. Lipeni jina la Tusajigwe."

Tusajigwe akasimama. "Mimi nilizuia, kisha nikasaini. Nimewapa chai ya mwisho, nikanyamaza. Mkiniandika hapo nitazungukia kwenye kivuko mpaka nife. Lipeni jina la Anyosisye, yeye hakurudi nyuma."

Anyosisye hakusimama. Alisema akiwa amekaa. "Sikurudi nyuma. Lakini mke wangu alivaa kilemba asubuhi ile mbele yangu, akaniuliza kama kimekaa vizuri. Nikamwambia kimekaa vizuri. Lipeni jina la Sekela."

Wala msinikimbilie kwa marehemu, nawajua. Wale tisa majina yao yapo kwenye jiwe lao, upande wa kanisani. Ubao wa daraja ni wa mtu aliyetaka kuwaokoa. Nao mpaka leo uko mtupu, na rangi imekauka koponi.

Sekela nimempita jana shambani. Hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza kama ubao umeandikwa.

Haya, nyinyi mnaopita hapo kila siku na mizigo yenu: kesho nikimkuta tena, nimwambie mmeandika jina la nani?