Bi Pimbi na Mgonjwa Asiyetaka Kupona

Usinikunjie pua. Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi funga mdomo usikilize, maana sina nguvu ya kubishana na mtu ambaye hata meno hayajamkamilika.

Zamani hizo, majabali yalipokuwa bado na milango, Bi Pimbi alikuwa mganga wa kuunga mifupa ya ndege wakali. Ndiyo, hao hao wanaokula pimbi. Mwiko ulimlinda: mgonjwa akiwa na kitambaa bawani, hamgusi mganga. Na mganga naye hamfukuzi mgonjwa mpaka amwone ameruka, kwa macho yake mwenyewe.

Akaja Tai, bawa limevunjika. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, yumo tu pangoni mwa mganga. Kila asubuhi Bi Pimbi, mla majani, anakwenda kuwinda mijusi, anawanyofoanyofoa, anamtilia Tai mdomoni. Hapo ndipo alipokosea. Mgongo ukapinda, mikono ikanuka damu.

"Baba, leo jaribu kuruka."

"Aa, mama, bado linachoma."

"Jana ulisema linawasha."

"Linachoma na kuwasha. Halafu mjusi wa leo mgumu, ulimtoa wapi?"

Bi Pimbi akamtazama shingo ilivyonona. Akajua: mwezi mmoja zaidi, atakayezikwa ni yeye mganga.

"Lete hicho kitambaa nikifue. Kinanuka."

Akakifungua, akakifua, akakianika kambani. Kisha akaenda kujilaza upande wa pili wa pango, penye kijilango cha chumbani kwake, chembamba hata kichwa cha Tai hakipiti.

"Nimechoka mie," akasema, wala hakudanganya. Akafumba macho, akajikoromesha. Khoo, khoo.

Tai akatazama bawa tupu. Akatazama kamba: mwiko uko pale, unakauka. Akamtazama mganga, mnene, laini, si mgumu kama mjusi yule.

Puruu! Akaruka pango zima, kucha mbele. Bi Pimbi akajitupa kijilangoni, chwi. Tai akagonga jabali, ngo.

"Mama, umeniumiza."

"Umeruka hatua arobaini, baba, na macho yangu yameona. Umepona. Nenda zako."

"Na chakula changu?"

"Kiko nje, kinakimbia."

"Lakini mimi nimesahau kuwinda."

"Mbona kuniwinda mimi hukusahau?"

Tai akajikokota mpaka nje. Njaa ilikwisha kuanza kumkwaruza tumboni, na jua lilikuwa limewatoa mijusi maweni.

Shika hili basi: mvivu haponi mpaka anayemlisha aseme imetosha.

Bi Pimbi akajifuta mikono, akatoka chumbani, akafunga mlango wa pango.