Vinu Vilivyonyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa, nasema. Mlioko nyuma ya moshi sijawasikia.

Pakawa!

Pakawa mtama, pakawa kinu, pakawa mtu na mkewe. Sogeeni. Mwanzo wa hadithi hii una kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichoizaa.

Hapo zamani za kale, siku ambazo wanyama na watu waliteka maji kisima kimoja na kujuliana hali, palikuwa na kijiji kwenye mteremko wa mlima. Juu walilima mtama, katikati ndizi na viazi, na chini bondeni mpunga. Hapo aliishi mtu aitwaye Kivuma na mkewe Nambua. Watoto wao walikuwa wameolewa mbali, na nyumba ikabaki ya watu wawili.

Katika kijiji kile kutwanga ilikuwa kazi ya wanawake. Kivuma alitwanga. Kila jioni walisimama yeye na mkewe pande mbili za kinu, kila mmoja na mchi wake, huyu akipiga, huyu akipokea. Tu! Ti! Tu! Ti! Mchi wa Kivuma ulikuwa mzito, ukasema *tu*. Wa Nambua ulikuwa mwepesi, ukasema *ti*. Wanaume waliopita njiani walimtania.

"Kivuma, leo unatwanga, kesho utanyonyesha!"

"Nikipata wa kunyonyesha nitanyonyesha," alijibu. "Lakini ugali wangu hamtauonja."

Ugali ukishaiva, Nambua alipakua na Kivuma akakwangua chungu. Ule ukoko mwekundu, mkavu, aliuvunja vipande viwili, na kile kikubwa akampa mkewe. Hakuwahi kusema neno juu ya jambo hilo, na mkewe hakuwahi kuuliza.

Nambua alikuwa mwanamke mnene. Alipanda mlima na mtungi kichwani huku akiimba, na wimbo wake ulifika nyumbani kabla yake. Magoti yalimsumbua kidogo wakati wa kushuka, na mkunga wa kijiji alikuwa amemwambia: punguza asali, punguza pombe ya ndizi, pakua kijiko kimoja pungufu, tembea. Alikuwa akifanya hivyo, na alikuwa akipungua polepole, kama mwezi unavyopungua, usione leo wala kesho.

Ikafika ngoma ya mavuno. Wanawake walivaa shanga zao viunoni, wakaingia uwanjani. Ngoma ilipochemka, uzi wa Nambua ukakatika. Shanga zikatawanyika, kuku wakazikimbilia wakidhani ni mtama, na watu wakacheka mpaka wapiga ngoma wakaacha kupiga. Aliyecheka kupita wote ni Namkunda, dada yake Kivuma, mwanamke mwenye ulimi.

"Wifi! Hata uzi umechoka kukubeba! Hicho kiuno au ghala?"

"Ghala," alisema Nambua. "Njoo uhifadhi maneno yako, naona yamekujaa."

Watu wakazidi kucheka, na Nambua akacheka nao. Lakini Kivuma alikuwa ameinama kuokota shanga, na kutoka kule chini aliuona uso wa mkewe. Mdomo ulicheka. Macho hayakucheka.

Asubuhi yake Nambua alikwenda kisimani akamkuta Bi Chui anakunywa maji. Alikuwa amenyooka, kiuno chake chembamba, ngozi inang'aa.

"Hujambo, Bi Chui."

"Sijambo, jirani."

"Niambie, Bi Chui. Unakula nini hata kiuno chako kikawa hivyo?"

Chui alijitazama kana kwamba kiuno amekiona leo. Hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Nakula nyama," alisema. "Sili kilichotwangwa, sili kilichochimbwa, sili kilichomenywa."

"Basi?"

"Basi."

Nambua akarudi nyumbani na maneno yale matatu. Jioni Kivuma aliutoa mchi wake, akautoa na wa mkewe, akausimamisha upande wake wa kinu.

"Leo sitwangi," alisema Nambua. "Sili kilichotwangwa, sili kilichochimbwa, sili kilichomenywa."

"Utakula nini, mke wangu?"

"Nyama. Mayai. Mafuta. Kama Bi Chui."

Kivuma akatwanga peke yake. Tu. Tu. Tu. Alikula ugali peke yake, na ukoko akauvunja vipande viwili kwa mazoea. Kimoja kikakaa sahanini mpaka asubuhi.

Hazikupita siku nyingi, uzi wa shanga ukalegea. Ukalegea kweli! Wanawake wakapiga vigelegele kisimani. Kivuma mwenyewe alizitunga upya shanga za mkewe, na zile zilizozidi akazitia kwenye kibuyu. Alizitunga kwa furaha, kwa sababu Nambua alifurahi, na macho yake safari hii yalicheka.

Namkunda akawa wa kwanza kuja.

"Wifi, unajua mimi natania tu. Hebu niambie siri."

Akaambiwa. Naye akamwambia jirani, jirani akamwambia shoga yake, na kabla mwezi haujaandama wanawake wote wa kijiji waliyaimba maneno yale wakienda kuteka maji: sili kilichotwangwa, sili kilichochimbwa, sili kilichomenywa. Wanaume wao wakajichomea ndizi na viazi, na vinu vikanyamaza.

Mzee Chura alikuwa amekaa ukingoni mwa kisima, akawasikia.

"Wanangu," alisema, "kilichotoka ni maji. Mimi ni mtu wa maji, nayajua yakitoka na nayajua yakirudi. Mtu akiacha nafaka kwa ghafla, kwanza hutoka maji, na uzi ukalegea upesi. Msipige vigelegele bado."

"Sikilizeni huyo!" alisema Namkunda. "Kitambi kama ngoma, halafu atufundishe kupungua!"

Kicheko kikavuma bonde zima. Mzee Chura akalitazama tumbo lake.

"Tumbo ni langu," alisema, "lakini maneno ni ya kweli."

Hakuna aliyemsikiliza. Kivuma alikuwa hapo, anajaza mtungi. Hakucheka. Wala hakuuliza.

Ikaja sehemu ya pili, ambayo Bi Chui hakuisema kwa sababu hakuijua. Kichwa kilimuuma Nambua. Tumbo likafunga. Pumzi yake ikanuka kama ndizi zilizoiva zikapitiliza. Akapanda mlima na mtungi bila kuimba, akipumzika kila kona. Jioni moja Kivuma alisonga ugali, harufu ikajaa nyumba, na Nambua akainuka akala akiwa amesimama, akala mpaka chungu kikawa cheupe. Hakukwangua ukoko, aliung'oa.

Maji yakarudi, kama Mzee Chura alivyosema. Unene ukarudi, tena ukaja na mgeni, unene mwingine juu ya ule. Kivuma akafungua kibuyu, akaongeza shanga kwenye uzi.

"Kosa ni langu," alisema Nambua. "Nilikula."

"Kula si kosa, mke wangu."

"Sikiliza nje. Unasikia kinu?"

Kivuma akasikiliza. Kijiji kizima kilikuwa kimya.

"Wote wameweza," alisema Nambua. "Wote, ila mimi."

Akaanza tena, kwa ukali zaidi. Uzi ukalegea, nguvu zikalegea, njaa ikamshinda, unene ukarudi. Akaanza mara ya tatu. Sasa aliacha na maharage, akaacha na maziwa, akaacha na mboga za majani, kwa sababu Bi Chui hali mboga. Nyama nayo ikaanza kumkinaisha, akawa anakula kidogo tu ya ile ile. Moyo wake ukaanza kurukaruka kifuani kama kuku aliyefungwa miguu. Aliuweka mkono wa Kivuma pale asikie, na Kivuma akasikia.

Ndipo Kivuma alipotoka kutafuta mtu wa kumsemesha mkewe.

Alikwenda kwanza kwa Mzee Chura.

"Njoo umwambie mke wangu."

"Nilisema mkacheka," alisema Mzee Chura, bila hasira. "Nitasema tena, na watacheka tena. Mwanangu, mtu hasikii la mwenye kitambi."

Akaenda kwa Bi Chui.

"Bi Chui, njoo umwambie mke wangu chakula chako si chake."

Bi Chui alisikitika. Kweli alisikitika.

"Aliniuliza ninakula nini, nikamjibu. Hakuniuliza ale nini yeye, hilo nisingelijua. Mimi nimezaliwa na meno haya na tumbo hili. Nilikuja mpaka mlangoni kwenu juzi, nikamwambia. Akasema nakionea wivu kiuno chake."

Basi akaenda kwa dada yake. Hakumkuta nyumbani. Akashuka bondeni kumtafuta, na alipolikaribia shamba la mwisho la mpunga, nyuma ya matete, alisikia jambo akasimama.

Tu! Ti! Tu! Ti!

Akayapanua matete. Wanawake wa kijiji walikuwa pale, karibu wote, na vinu vyao. Walikuwa wamevishusha kimoja kimoja, na chini ya kila kinu wametandika majani ya migomba ili mlio usipande mlimani. Mpunga ulikuwa unatwangwa, viazi vilivyochimbwa vinaoshwa, ndizi zinamenywa. Vyungu vilikuwa motoni. Namkunda alikuwa na tonge mkononi.

"Kaka," alisema, na tonge likabaki hapo hapo.

"Tangu lini?"



"Mimi sikumaliza hata mwezi," alisema Namkunda. "Nilianguka na mtungi. Na huyu damu yake ya mwezi ilikatika. Na yule alikuwa hachoki kugombana na mumewe. Kila mmoja alianza kuja huku peke yake akidhani ni yeye tu. Tukakutana."

"Mbona hamkusema?"

"Kaka, baada ya vile vigelegele? Nitasemaje?"

"Nambua anakufa njaa akisikiliza ukimya wenu," alisema Kivuma. "Mimi peke yangu nikimwambia hataamini. Pandeni na vinu. Hamna haja ya kusema neno. Twangeni tu, uwanjani, asikie."

Wakainamisha vichwa.

"Kesho," alisema mmoja. "Leo watu watacheka."

Kivuma akapanda peke yake. Akakaa kitandani kwa mkewe akamweleza yote: matete, majani ya migomba, tonge la Namkunda. Nambua alimsikiliza akitabasamu, akamshika shavu.

"Unanidanganya, mume wangu," alisema, "kwa sababu unanipenda."

"Twende bondeni nikuonyeshe. Nitakubeba."

"Kesho. Leo miguu imechoka."

Siku iliyofuata Kivuma alisikiliza tangu jua kuchomoza. Hakusikia kinu. Akamwendea Namkunda mara ya pili.

"Kesho, kaka. Wengine hawajakubali."

Siku ya tatu akaenda tena.

"Kesho, kaka. Wallahi kesho."

Siku hiyo ya tatu, Kivuma akiwa kwa dada yake, Nambua aliinuka, akachukua mtungi, akaenda kisimani kama ilivyokuwa desturi yake, maana hakutaka kuonekana ameshindwa na maji pia. Aliupandisha mtungi mpaka kona ya pili. Hapo moyo uliruka, ukatua vibaya, haukuinuka.

Kivuma alimkuta kando ya njia, mtungi umevunjika, maji yameshanywewa na udongo. Mzee Chura alikuwa amekaa karibu naye, akimfukuzia nzi. Kivuma akampitishia mikono, akajiandaa kuinua uzito anaoujua. Alikuwa mwepesi. Mwepesi kama pumba. Ndicho walichokuwa wakikitafuta, naye akakibeba mpaka nyumbani.

Walimwosha, wakamfungua shanga. Uzi ulikuwa mfupi sana. Kivuma aliutia kwenye kibuyu pamoja na zile nyingine.

Akazikwa alasiri. Na wageni walipokuwa wengi, wa vijiji vya mbali na watoto waliokuja wakilia, ilibidi wapikiwe, kwa sababu matanga hayaendi bila chakula. Basi wanawake wakashuka bondeni, wakavibeba vinu vyao vichwani, wakavipandisha mlimani, wakavipanga uwanjani, pale pale zilipotawanyika shanga. Wakatwanga. Tu! Ti! Tu! Ti! Tu! Ti! Mlima ulitetemeka. Hakuna aliyecheka. Namkunda alitwanga huku machozi yakimwingia kinuni, akatwanga kwa nguvu kuliko wote.

Kivuma alikaa mlangoni akasikiliza. Mlio ule uliingia kwa mlango wa mbele, ukapita chumbani, ukafika kwenye kitanda, ukakikuta kitupu.

Namkunda alimjia baadaye, akapiga magoti.

"Kaka, nimekuja na kinu. Nisamehe."



"Nimesikia," alisema Kivuma. Hakuongeza neno, siku ile wala nyingine.

Matanga yakaanuliwa, watu wakatawanyika. Vinu vya kijiji vikarudi kulia kila jioni, na vinalia hata leo ukipita huko. Nyumba moja tu ndiyo utaisikia imetofautiana na nyingine. Tu. Halafu kimya, urefu wa pigo moja. Tu. Halafu kimya. Mwenye nyumba anampisha mtu mchi wake utue. Kisha anasonga ugali, anakwangua ukoko, anauvunja vipande viwili, na kile kikubwa anakiweka upande wa pili wa sahani.

Hadithi yangu imefika kwenye sahani hiyo, na hapo imeishia. Haina pengine pa kwenda.