Hisa za Ndege ya Umeme

Tajiri Ngwilizi, mwenye shirika dogo la ndege, alitua kisiwani Mafia akilitaka shamba la minazi la mjane Bi Siwatu, ajenge kituo cha kuchajia ndege za umeme. Angemlipa kwa hisa tupu.

"Na ndege zenyewe ziko wapi?" aliuliza Bi Siwatu.

"Zinakuja, mama. Lakini ukikataa, nina watu serikalini. Utalikosa bure."

"Sikatai, mwanangu. Ila warushe kwanza wazee wetu, huenda nao wakanunua hisa."

Ngwilizi alifurahi. Akawarusha kundi baada ya kundi, kwa ndege yake kuukuu ya mafuta, hadi adhuhuri. Bi Siwatu akatia sahihi hati ya kuuza shamba.

Tajiri akakimbilia ndege, maana wawekezaji wakubwa walikuwa wakimngoja Dar alasiri hiyo.

"Tangi limekauka, bosi," alisema rubani. "Na mafuta yote ya hapa uwanjani kuna mtu kayanunua tangu asubuhi, tukiwarusha wazee."

"Nani?"

"Mimi, mwanangu," alijibu Bi Siwatu, aliyemfuata hadi uwanjani. "Nirudishie hati yangu, nikupe pipa."

"Huu ni wizi!"

"Basi subiri ya umeme. Sisi tumeshaambiwa tuisubiri."

Ngwilizi alitazama saa, akamkabidhi hati, akaomba mpira wa kujazia mafuta.