Nani Kamtoa Roho Mzee Kuchi?

Paukwa!

Pakawa!

Hee, mmeitikia kama wafiwa. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana simu zilikuwepo na bando lilikuwa likiisha, palikuwa na kuku jike aitwaye Kishingo, shingo yake haina hata unyoya mmoja. Aliishi Tanga, uani kwa Bi Mwanakheri, mjane mwenye nyumba ya kupangisha. Mumewe Kishingo alikuwa jogoo, Mzee Kuchi, mrefu, mwenye makeke, akitembea utadhani ua wote kaurithi.

Siku moja Kishingo akatoka kutaga, mume hayupo. Akaangalia jaani, hayupo. Akaangalia juu ya tangi, hayupo. Akaangalia nyuma ya choo: manyoya! Mekundu, yale yale aliyozoea kuyaegemea akilala.

Akaapa: muuaji nitamjua, na nikimjua nitamtoboa jicho.

Akamwendea Paka. "Paka, mume wangu yuko wapi?"

"Shemeji, usinitazame hivyo! Meno nimebaki na matatu, hata dagaa naomba waloweke. Jogoo yule ningemla vipi, kwa kumlamba?"

Akamwendea Mbaruku, mpangaji, mpiga muziki wa harusi, ambaye hulala alfajiri wakati Mzee Kuchi anaamka. "Mbaruku, mume wangu yuko wapi?"

"Shemeji, nilimtupia kandambili, nakiri. Nikamtupia na ya pili. Lakini leo kimya ndicho kilichoniamsha! Nimekaa kitandani namngojea awike nimtukane, hawiki. Jamani, nimemkosa."

Akamwendea Beberu, aliyekuwa akitafuna boksi. "Beberu, mume wangu yuko wapi?"

"Mimi ni mtu wa maboksi, mama, nyama inanipa kiungulia." Akatafuna kwanza. "Lakini nikupe akili. Jogoo hachinjwi bure. Tafuta firigisi yake iko kwenye sahani ya nani. Firigisi hapewi kila mtu, ni ya mwanamume wa nyumba."

"Nyumba hii ina mwanamume gani?"

Beberu akaacha kutafuna.

Kishingo akaingia jikoni. Bi Mwanakheri kakaa mkekani, sufuria la mchuzi liko mbele yake, halijaguswa. Pembeni sahani moja, imefunikwa kawa. Kishingo akaisukuma kawa kwa mdomo. Firigisi, nzima, imepoa.

"Ni wewe, bi mkubwa?"

"Ni mimi, Kishingo. Shekue wangu alisema anakuja. Mwanangu anatoka Maskati baada ya miaka yote hii, nimpikie maharage?"

"Na yuko wapi?"

"Kanyimwa likizo. Kapiga simu, mumeo nimeshamnyonyoa."

Kishingo akalilenga jicho. Lakini jicho lenyewe lilikuwa limejaa maji, akakosa pa kudonoa. Mara simu ikalia tena.

"Mama," ikasema sauti ya Shekue, "weka simu dirishani kama kawaida. Nimsikie jogoo, nijione niko nyumbani."

Bi Mwanakheri akaiweka simu dirishani. Akamtazama Kishingo.

Nanyi mwajua: kuku jike akiwika ni nuksi, hacheleweshwi kisu. Na kisu kilikuwa palepale, ndani ya karai, hakijaoshwa. Kishingo alikiona. Akamkumbuka mumewe alivyokuwa akianza, anajivuta, anafumba macho. Naye akajivuta, akainyoosha ile shingo tupu, akafumba macho, akawika.

Lo, sauti! Kama lango la chuma linaloburutwa juu ya saruji.

Kule mbali Shekue akacheka. "Mama, mbona kazeeka?"

"Sote tumezeeka, baba."

Bi Mwanakheri akakiosha kisu, akakitia kabatini. Kesho yake alfajiri, bila kutumwa na mtu, Kishingo akapanda juu ya tangi, akawika tena.

Hadithi yangu imefika hapo, ikaketi.