Mawe Matatu Mlangoni kwa Sange

Hodi masikioni mwenu.

— Pita, masikio yetu yapo wazi.

Niingie mikono mitupu au niingie na mzigo?

— Ingia na mzigo, tutakupokea.

Basi pokeeni. Hapo kale, kwenye vilima vya mawe, aliishi Sange. Asiyemjua Sange nitamweleza: ni mnyama mdogo kama panya, miguu yake myembamba, na pua yake ndefu haitulii. Fu-fu-fu, fu-fu-fu, kutwa nzima inanusa. Akiona shimo, lazima achungulie. Akiona wawili wananong'ona, atapita katikati yao kama amepotea njia.

Sange alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Nyumba yake ilikuwa shimo la bondeni. Masika yakiingia, maji nayo yaliingia, chururu, chururu, na Sange alishinda amesimama na watoto mgongoni. Masika ya mwaka jana yule mdogo alishikwa na kifua, ikabaki kidogo tu afe. Sange akaapa kwamba masika mengine hayatamkuta mtoto wake ndani ya maji. Na masika yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja.

Nchi ile ilikuwa na desturi yake. Ukikopa ukachelewa kulipa, uliyemkopa anakuja na jiwe, gidi-gidi-gidi, analibwaga mlangoni kwako, puu. Ukilipa baadaye, umelipa, lakini jiwe linabaki palepale miaka saba ili kila anayepita ajue. Ukihama, linakufuata. Huruhusiwi kuligusa mpaka Mkopeshaji Mkuu atoe ruhusa. Msiniulize desturi hiyo aliitunga nani. Tazameni tu ilimnenepesha nani.

Mkopeshaji Mkuu alikuwa Fisi. Fisi alikuwa na mapango saba, yote makavu, na tumbo moja lisilojaa. Pango lililo zuri kuliko yote, lile la juu linalotazama mashariki, hapo zamani lilikuwa la Pimbi. Pimbi alikopa, akachelewa, mawe yakafika kumi na moja. Fisi akatoa sheria: mlango wenye mawe zaidi ya kumi hauna sauti, mwenyewe atapokea chochote atakachopewa, kisha atoke. Akampa Pimbi mfupa mmoja mkavu. Pimbi anakula majani, jamani. Mfupa wa nini? Akauchukua hivyohivyo, akaenda kukaa kwenye ufa wa jabali na watoto wake na mfupa wake.

Basi asubuhi moja Sange akapanda kilima, tipu-tipu-tipu, hadi kwa Fisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kuomba pango la juu. Nitalipa kidogo kidogo."

"Mlangoni kwako kuna mawe mangapi, bibie?"

Sange alijua swali hilo litakuja. Hata hivyo aibu ikampanda mpaka kwenye ncha ya pua. "Matatu, mzee. Lakini yote nimelipa. Ule mwaka wa ukame nilikopa kwa Kicheche, nikakopa kwa Nungunungu, nikakopa kwa Kanga. Nilichelewa, ila nililipa mpaka punje ya mwisho. Waulize wenyewe."

"Mimi siulizi mdomo, natazama mlango," Fisi akasema, akacheka, hwii, hwii, hwii. "Asiye na jiwe hulipa kikapu kimoja cha kumbikumbi wakavu kila mwezi, miaka saba. Kila jiwe linaongeza kikapu. Wewe ni vikapu vinne."

"Na nikishindwa mwezi mmoja?"

"Pango linarudi kwangu, pamoja na vyote vilivyomo."

"Nina watoto, mzee."

"Nimesema vyote," Fisi akajibu, akalamba mdomo.

Sange akapiga hesabu. Hata achakure vichuguu tangu alfajiri mpaka jua lizame, asingefikisha vikapu viwili. Alitaka kwenda zake akalie bondeni kwake. Lakini pua haikukubali kuondoka. Fu-fu-fu. Kulikuwa na jambo hapa, na yeye hakuwa amelinusa likaisha.

"Naomba kuuliza tu, mzee."

"Uliza."

"Jiwe moja linaongeza kikapu kimoja. Mawe kumi je?"

"Vikapu kumi."

"Mawe ishirini je?"

"Ishirini," Fisi akasema, na mate yakaanza kumtoka, to, to, to.

"Naomba kuuliza tu, mzee. Nani huyahesabu?"

"Mzee Kobe, siku ya kukabidhiana mapango, mwezi ukiandama. Anapita mlango kwa mlango. Akishatamka, imekwisha."

"Naomba kuuliza tena. Bondeni kwangu kuna tope. Mawe yangu mawili yameanza kuzama. Mzee Kobe akiona moja tu, vile vikapu viwili vyako atavilipa nani?"

Fisi akaacha kucheka. Hilo hakuwa amelifikiria. Usingizi wote ukamtoka kwa ajili ya vikapu viwili vya kumbikumbi ambavyo hakuwa navyo bado.

"Yalete hapa," akasema. "Uyapange mlangoni pa pango, mahali pakavu."

"Mimi siruhusiwi kuyagusa, mzee."

"Nakuruhusu."

"Na kuna wenzangu wengi wenye mawe, nao wanatamani mapango. Nao yao yanazama. Sijui, mzee, mimi nauliza tu."

Fisi akaruka juu ya jiwe kubwa, akapaza sauti, "Wenye mawe wote leteni mawe. Jiwe lolote litakalofika mlangoni pangu, nimelipokea." Akarudia mara tatu, kama desturi inavyotaka. Kanga alikuwa hapo karibu anachakura, na mnamjua Kanga, neno likimwingia sikioni linatokea mdomoni. Kabla ya adhuhuri vilima vyote vilikuwa na habari.

Basi mawe yakaja. Sange akasukuma yake matatu, gidi-gidi-gidi, puu. Nungunungu akaleta mawili, gidi-gidi-gidi, puu. Kicheche, ndiyo, yuleyule aliyemwekea Sange jiwe, alikuwa na manne yake, akayaleta mbio bila kumtazama mtu usoni. Ngiri akaleta sita. Pimbi akayaleta yote kumi na moja, na mfupa wake kwapani. Wengine wakaja, wakabwaga, wakaondoka wakitembea wepesi. Wengine walikuwa wamekaa na jiwe miaka sita, wakawa wanageuka nyuma kutazama kama linawafuata.

Fisi alikaa pembeni akihesabu. "Thelathini na tisa. Arobaini. Arobaini na moja." Aliona kumbikumbi tu, kila jiwe kikapu, kila mwezi, miaka saba. Alifurahi mpaka akalala kifudifudi juu ya mawe yale, akayakumbatia. Sange alimtazama kutoka mbali. Kama Fisi angeuliza swali moja tu, moja dogo, mambo yote yangeharibika. Fisi hakuuliza.

Mwezi ukaandama. Mzee Kobe akafika. Aliondoka kwake siku tisa kabla, na alikaa nyumba ya kwanza kutoka pale. Akaanzia bondeni. Akatazama mlango wa Sange. Akauzunguka. Akatazama tena.

"Sifuri," akasema.

Akapita kwa Nungunungu. Sifuri. Kwa Kicheche. Sifuri. Kwenye ufa wa Pimbi. Sifuri. Akapanda kilima, polepole, wote nyuma yake, hadi pango la juu. Akasimama mbele ya rundo.

"Mlango huu wa nani?"

"Wangu," Fisi akajibu, kifua mbele.

Mzee Kobe akahesabu. Akahesabu tena, maana yeye hana haraka. "Mawe arobaini na moja. Mlango huu hauna sauti."

Fisi akacheka, hwii, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Mzee, mawe haya si yangu. Mimi sijawahi kukopa. Waulize wenyewe."

"Mimi siulizi mdomo," Mzee Kobe akasema. "Natazama mlango. Hiyo ni sheria yako, na uliyapokea mwenyewe mara tatu. Kanga alisikia."

"Nilisikia," Kanga akasema. "Nilisikia. Nilisikia."

Mzee Kobe akageuka. "Nani ana cha kumpa mwenye pango hili, ili atoke?"

Sange akasogea mbele. Akamtazama Pimbi, na Pimbi akamtazama yeye. Pimbi akainua mkono, akatoa ule mfupa kwapani, akampa Sange, na Sange akauweka miguuni pa Fisi.

"Naomba kuuliza tu, mzee," Sange akasema. "Huu unautambua?"

Fisi aliutambua. Akautafuna palepale huku analia, kwa sababu fisi ni fisi hata akiwa na msiba.

Akahamia pango lake la pili, na mawe yote arobaini na moja yakamfuata, kama desturi inavyotaka. Mlango wa pili nao ukakosa sauti. Akapewa unyoya, akatoka. Akahamia la tatu, akapewa jani. Mpaka mawingu ya masika yanakusanyika, Fisi hakuwa na pango hata moja.

Sange na Pimbi wakagawana pango la juu, Pimbi chumba cha nyuma, Sange cha mbele, na watoto wao wakachanganyika mpaka haikujulikana nani wa nani. Mvua ya kwanza ikanyesha, chwaaa. Yule mdogo akalala mahali pakavu, hakohoi. Sange akakaa anamsikiliza anavyopumua, na alifurahi hata akashindwa kula.

Mara, ko, ko, ko.

"Nani?"

"Mimi Fisi, bibie. Nimelowa. Naomba pembe moja tu ya kujiegesha."

Sange akasogea mlangoni, akatoa pua. Fu-fu-fu.

"Naomba kuuliza tu, mzee," akasema. "Mlangoni kwako kuna mawe mangapi?"

Basi hapo natoka masikioni mwenu, nafunga mlango.

— Subiri, na funzo?

Funzo ni hili, watoto wangu: mkubwa akikupa masharti, inama, kubali, nenda zako. Usimsumbue kwa maswali. Mwenye kuulizauliza hapati nyumba.

— Tunaomba kuuliza tu...

Nimeshafunga.