Nafasi ya Nyemo

Waliosimama na wakae, na wenye haraka waende na amani. Hadithi hii haisemwi mbio, kwa sababu ndani yake kuna maiti, na maiti hubebwa polepole.

Walikuwapo wasichana watatu waliosoma sayansi katika chuo kimoja, na kila mmoja Mungu alimpa kitu chake. Kokubelwa, Mhaya wa Muleba, alipewa macho. Alisoma mimea, naye angekuonyesha ukungu juu ya jani uliloapa kuwa ni safi. Nkwimba, Msukuma wa Magu, alipewa mikono. Alisoma kemia, na hakuna aliyewahi kumwona akimwaga tone au akikosea kipimo. Siwema wa Kilwa alipewa mdomo. Alisoma sayansi ya chakula, na neno likishafika kooni kwake halikujua njia ya kurudi.

Alikuwapo na wa nne, Nyemo, binti wa Kigogo, aliyesoma fizikia. Huyo ndiye maiti wetu.

Chuoni kwao palikuwa na chumba cha wasichana wa sayansi. Rafu ya vitabu, kompyuta tatu, moja tu ikiwa nzima, kabati la vifaa, na mlezi wao, Mwalimu Desideria, aliyewafundisha kuandika barua za kuomba kazi na kuwaambia nani wa kumwona na nani wa kumkwepa. Kila mwaka chumba kile kilitoa nafasi moja: miaka miwili katika maabara kubwa, ada imelipwa, na mtaalamu wa kumshika msichana mkono mpaka afike kazini. Moja tu. Waliobaki walirudi makwao na vyeti. Mmoja wa mwaka wa nyuma ameitundika shahada yake ya biolojia ukutani, na chini yake anauza vocha.

Mwaka ule nafasi ilikuwa ya Nyemo. Mama yake, Perusi, alipanda basi kwenda mjini kutia sahihi, maana fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Perusi alikuwa mjane, mtu wa kanisa, mwenye elimu ya darasa la nne na Biblia. Aliandika jina lake taratibu, herufi moja moja, watu wote wakimsubiri, na hakuona haya hata kidogo.

Likizo ilipofika, Nyemo alirudi kijijini. Sasa sikilizeni vizuri mambo ya yule mama, kwa sababu hakuna baya alilolikusudia.

Perusi aliuza mahindi meupe ya juu ya kihenge ili mwanawe apate kompyuta. Yaliyobaki yalikuwa ya chini, yale yaliyoloa mvua ya mwisho. Aliyafanya kama mama yake alivyomfundisha: akayachambua, akayaosha, akayaanika, mengine akayasaga, mengine akayarudisha ghalani, magunia mawili. Yeye mwenyewe alikula ugali wa uwele, chakula chake cha siku zote. Lakini kumlisha msichana wa chuo uwele aliona ni kumshusha. Kwa hiyo mahindi yalikuwa ya Nyemo peke yake, uji asubuhi, ugali mchana, ugali jioni.

"Mama, unga huu una uchungu," Nyemo alisema siku moja.

"Uchungu uko kwenye ulimi wako. Chuo kimekuzoesha wali."

Nyemo akacheka, akamaliza sahani. Mtoto aliyelelewa vizuri hatemi chakula cha mama yake.

Wiki ya tano macho yake yaligeuka manjano. Wiki ya sita tumbo lilijaa. Hospitali walisema ni ini, hawakusema zaidi. Akafa siku ya Alhamisi, akazikwa Ijumaa, na kabla udongo haujakauka watu walikwisha kumnong'ona bibi mmoja jirani kuwa ndiye aliyemla, kwa wivu wa masomo.

Rafiki zake watatu walikuja mazikoni. Walikuwa mjini, saa tatu kwa basi, katika mafunzo ya vitendo.

Kijijini kwao siku za mwanzo za msiba majirani ndio huleta chakula. Lakini siku ya kuanua matanga chakula hutoka ghalani kwa mwenye msiba, ili waliolia wale cha marehemu kabla ya kutaja mrithi wake. Basi Jumamosi asubuhi yale magunia mawili yakatolewa nje, na wanawake wakaketi kuchambua.

Kokubelwa aliketi nao. Wenzake waliona mahindi. Yeye aliona vumbi la kijani lenye umanjano kwenye vitovu vya punje. Akafunga konzi mbili za mahindi, moja akampa Nkwimba awahi nayo basi la mchana, nyingine akaificha katika pindo la khanga kama akiba. Hakusema neno. Alikuwa mgeni, na mgeni hakitii doa chakula cha msibani kwa kudhani tu. Mwanamke mmoja akaona lile fundo.

"Hebu fungua hapo, binti. Umefunga nini?"

"Mahindi kidogo tu, mama."

"Mahindi ya maiti! Jamani, njooni muone, msomi huyu anaiba matanga!"

Wakamvuta khanga, wakampiga makofi, simu zikatolewa. Kabla ya jioni video ilikwisha kufika mjini. Kule alikokuwa akifanya mafunzo wakamwandikia asirudi, hawana kazi na mwizi wa msibani. Yeye ndiye aliyelala kitanda kimoja na Nyemo miaka miwili. Wakamfukuza asisali kaburini.

Nkwimba alifika chuoni na konzi yake. Kabatini kilibaki kipimo kimoja cha sumukuvu, ile sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Kipimo chenyewe kilikuwa chake, cha mradi wake wa kumaliza mwaka. Kingine kingeagizwa nje na kufika baada ya miezi. Alikitazama kwa muda. Kisha akakifungua. Alisaga, akachuja, akachovya kijiti. Mstari ambao ungetokea kama mahindi yangekuwa salama haukutokea. Alirudia mpaka vijiti vyote vitatu vilivyokuwamo vikaisha, kwa sababu mikono yake haikuzoea kusema jambo isilo na hakika nalo. Hivyo mwaka wake ulikwisha pale, mezani. Hakuna mradi, hakuna alama; ni kurudia darasa, na anayemlipia alikwisha kumwambia kuwa harudii kulipa.

Jumapili mchana alishuka basi, akamkuta Siwema penye majiko. Chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa kwenye masinia, na watoto, wanaolishwa kwanza, walikuwa wamenawa mikono.

"Ndicho kilichomuua," alisema Nkwimba. "Sema wewe. Mimi sina mdomo."

"Tumwambie kwanza mama yake, ndani, taratibu."

"Siwema, watoto hawa hapa."

Basi Siwema akasimama katikati ya uwanja.

"Msile! Watoto, acheni! Mahindi haya yana sumu. Ndiyo iliyomuua Nyemo!"

Baba mdogo wa marehemu, mzee Lameki, akaja na kigoda mkononi. "We binti wa pwani! Umekuja kuzika au kututukana?"

"Baba, nitukane mimi, lakini msile."

Akampiga na kile kigoda mdomoni. Meno mawili ya mbele yakaanguka. Siwema akaendelea kusema, na damu ikashuka mpaka kifuani. Hapo Perusi akatoka ndani, akishikiliwa huku na huku.

"Mwanangu aliuawa na nini?"

"Mahindi, mama."

"Mahindi ya nani?"

Angeweza kusema ya dukani. Angeweza kusema hajui. Lakini nimewaambia, neno likishafika kooni kwake halikujua njia ya kurudi.

"Ya kwako, mama."

Watu zaidi ya mia moja walikuwa pale, na hakuna aliyekula. Magunia yalichukuliwa na bwana afya, naye akapata kile kile alichokipata Nkwimba. Bibi jirani akaachwa alale kwake kwa amani. Hakufa mtoto hata mmoja. Mungu ahimidiwe, alisema mchungaji, na watu wakaitikia amina, kisha wakamtazama Perusi. Tangu siku ile, kisimani humpisha, si kwa heshima. Watoto humwita Mama Sumu, na mama zao huwakataza kwa sauti ndogo.

Perusi alisali kama alivyokuwa akisali, ila sala ya chakula ilimshinda. Kila alipofika kwenye neno "ubariki," alinyamaza.

Baada ya wiki sita Mwalimu Desideria alikuja na fomu, na wasichana watatu nyuma yake. Wakaketi kwenye mkeka, hawakutazamana.

"Mama Nyemo," mwalimu alisema, "nafasi ya mwanao ipo. Aliyeitilia sahihi ni wewe, kwa hiyo wewe ndiye wa kumtaja atakayeichukua, katika wenzake wa chumba chetu cha sayansi. Nimeshindwa kuwapatanisha hawa. Kesho ikipita bila jina, itapelekwa chuo kingine."

"Ni kama kurithisha," alisema Perusi.

"Ni kama kurithisha, mama."

Mzee Lameki alikuwa mlangoni. "Shemeji, usiandike. Mmoja mwizi, mmoja aligeuza maiti yetu kuwa mtihani wake, mmoja alikuvua nguo mbele ya watu. Nafasi na ife na mwenyewe."

"Na wewe ulivunja meno ya mtoto wa watu," Perusi akamjibu. "Nyamaza kidogo." Kisha akawageukia wale watatu. "Semeni. Mimi nasikia."

Kokubelwa akasema, "Nisingeyaona, mama, hawa wangepima nini, wangesema nini? Nimeitwa mwizi nchi nzima. Hakuna mahali pengine patakaponichukua."

"Kuona si kujua," akasema Nkwimba. "Ulichokuwa nacho ni wasiwasi kwenye khanga. Mimi nilichoma mwaka wangu mzima kuufanya ukweli. Nikirudi nyumbani sasa, nimerudi moja kwa moja."

Siwema alicheka vibaya, mkono mdomoni kufunika pengo. "Ukweli wenu ulikuwa umesimama penye majiko unatetemeka. Watoto wangekula mkiutazama. Nani aliyeutoa?"

"Ulivyoutoa sasa! Ungemvuta mama pembeni!"

"Kwa dakika zipi, Nkwimba? Si wewe uliyeniambia watoto hawa hapa?"

"Nyemo angeona aibu kutusikia," akasema Kokubelwa.

"Nyemo hasikii," Siwema akajibu, na wote watatu wakaanza kulia, lakini hakuna aliyesema, mpe mwenzangu.

Perusi aliwatazama. Mara ngapi waliwahi kula katika sahani moja na mwanawe, wakicheka? Sasa waligombea kiti chake kama ndugu wanavyogombea sufuria la marehemu. Hakuwalaumu. Waliletewa kiti kimoja.

Alimfikiria Kokubelwa. Huyu aliiba ndani ya nyumba yake ya kilio, na kwa wizi ule watu walipona. Na moyo ukamwuliza: macho hayo yalikuwa wapi mwezi mzima mwanangu alipokuwa anakula? Yalikuwa mjini. Si kosa lake. Lakini moyo uliuliza.

Alimfikiria Nkwimba. Huyu alitoa mwaka wake bila kuombwa. Hakumkosea Perusi kwa neno hata moja. Lakini mzigo mzito aliuweka mdomoni mwa mwenzake, ili asiwe yeye wa kuonekana akiusema.

Alimfikiria Siwema. Damu ya huyu ilimwagika uani kwake. Watoto wa watu wanacheza leo kwa sababu yake. Na kila usingizi unapokuja, Perusi husikia sauti ile ile ikisema maneno yale yale matatu, ya kwako, mama.

Ndipo akasema jambo lililomshangaza hata mwalimu.

"Kwetu, anayerithi kiti cha mtoto huitwa mtoto. Nitakayemwandika atakuja hapa kila likizo. Atalala kitanda cha Nyemo, na mimi nitampikia, naye atakula. Mnakubali?"

Wakatazamana. Kisha Kokubelwa akasema, "Nakubali, mama." Nkwimba akasema, "Nakubali." Siwema alichelewa kidogo, akaondoa mkono mdomoni, akasema, "Nakubali, mama."

Mwalimu akampa kalamu. Perusi akaandika tarehe, herufi moja moja. Akaandika jina la marehemu mahali pake. Kisha akafika kwenye mstari ulio mtupu, na mkono ukasimama.

Hapo ndipo ninapowaachia, kwa kuwa mimi nimezika na ninajua mkono ule ulivyokuwa mzito. Akimwandika wa macho, wa mikono amepoteza mwaka bure na wa mdomo amepoteza meno bure. Akimwandika wa mikono, ni vivyo hivyo kwa wenzake. Akimwandika wa mdomo, ni vivyo hivyo. Asipoandika, wote watatu wamepoteza bure, na Nyemo pia.

Haya, wasikilizaji, wakubwa kwa wadogo. Msinitajie aliye maskini zaidi, wala mnayemwonea huruma zaidi. Yule mama anasubiri jina la mtoto wake. Je, wewe ungemwandika nani, kisha ukampikia?